Mramba Mbele ya Hakimu

Sikio langu la kushoto limeanza kusikia watu kana kwamba wanasema ndani ya mtungi, na mkalimani mwenye sikio la namna hiyo ni wa hatari kuliko mkalimani mlevi. Ndiyo maana nimeomba kuondoka mapema, kabla mvi hazijanijaa. Ninyi vijana wawili mliochukua kiti changu pale bomani Bukoba mliniuliza kazi hii ikoje, nami nikawajibu mbiombio kwa sababu lori la kwenda Muleba lilikuwa linapiga honi. Nasema kiti, ingawa mmeshagundua kwamba mkalimani hana kiti. Sasa nina muda. Miguu yangu bado haijajua kwamba imestaafu. Asubuhi inanipeleka Kemondo kutazama meli ikipakia kahawa, jioni inanirudisha mjini bila sababu. Lakini mkono umekubali kutulia, basi nawaandikia.

Siku yangu ya kwanza nilifika na kamusi kwapani. Nilikuwa nimetoka sekondari, viatu vinalia, Kiingereza kinanitoka hata puani. Mkalimani mkuu alikuwa Ta Ishengoma, mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mwenye koti la kaki alilolipiga pasi mwenyewe. Aliitazama kamusi, akaichukua taratibu, akaiweka juu ya kabati ambalo sikulifikia. Akanipa chupa ya maji.

"Hiki ndicho chombo cha kazi," alisema. "Koo lako likikauka utafupisha maneno ya watu, na mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya kiu yako."

Siku hiyohiyo alinionyesha mahali pa kusimama: hatua moja kutoka kizimbani, ubavu kwa hakimu, ili uone vinywa vyote viwili. Mtu husema nusu ya neno kwa midomo kabla hajalitoa. Halafu akanipa agizo la tatu, na hili alilisema polepole kama anayesoma tangazo la ubatizo.

"Kinywa chako umeikodisha serikali. Siku utakayoingiza neno lako mwenyewe mle ndani, hata kama ni la kweli, kesho yake anza kuuza chumvi sokoni. Nilikuwa na mwenzangu hapa. Alimhurumia mjane, akamwongezea sentensi moja tu. Hata kuaga hakuaga."

Nilidhani maneno magumu yatakuwa ya sheria. Hayakuwa. Maneno ya sheria ni machache na hayabadiliki, ukishayajua yanakaa. Lililonisumbua ni neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, neno la Wazungu la utamu, "sweet". Shuleni tulifundishwa kwamba ni sukari, basi. Bomani nikakuta linafanya kazi nyingi kuliko karani yeyote. Bwana mmoja alisikiliza injini ya lori asubuhi, akatabasamu, akalitumia. Nikamwambia dereva kwamba Bwana anasema gari lake ni tamu. Dereva, Mnyambo mmoja asiyecheka, aliniuliza, "Ameilamba wapi?" Kumbe alimaanisha injini inakwenda laini, haikwami. Mke wa Bwana mwingine alipanda maua yenye jina hilo pamoja na jina la kunde, na mtunza bustani wake aliyamwagilia kwa moyo mmoja akingojea mavuno. Aliponiuliza zitaiva lini nilishindwa kumvunja moyo. Maji ya chemchemi wanayaita hivyo, kumbe ni kwa kuwa hayana chumvi. Kitoto kinachocheza, barua ya mchumba, harufu ya nyasi zilizokatwa, hata usingizi. Kote neno ni hilohilo. Lakini nyama iliyokolea chumvi, ambayo sisi hatuoni haya kuiita tamu, wao hawaiiti hivyo kabisa. Uzio wao umepita kwingine.

Ta Ishengoma alinipeleka sokoni. Alinunua kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, akaniwekea mbili kiganjani na kuniambia nitafune kisha niseme ladha yake. Zilikuwa chungu. Bibi aliyetuuzia akaniuliza kama si tamu. Nikasema ni tamu, maana ungemjibuje mama mtu mzima?

"Umeona?" Ta Ishengoma alisema tulipoondoka. "Usiulize neno maana yake nini. Uliza limetumwa kufanya nini. Limetumwa kusifu? Kubembeleza? Au limetumwa kusema ladha tu? Mara nyingi linakuwa limetumwa kwingine. Mara chache sana utalikuta limekaa nyumbani kwao, ni ladha na si kitu kingine. Siku hiyo lichukue kama yai."

Siku hiyo ilichelewa kidogo, lakini ilikuja.

Ilikuja na amri ya pombe. Mtu asipike pombe bila kibali cha baraza. Na maji ya ndizi yaruhusiwe bila kibali maadamu bado matamu. Hivyo ndivyo Kiingereza cha amri kilivyosema, na neno walilotumia ni lilelile. Aliyeiandika nadhani alikuwa mtu wa haki, ila hakuwahi kukaa na kibuyu. Ninyi mmezaliwa huku, mnajua. Ndizi zikishaiva, wanaume wanazikanyaga kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi mpaka yanatoka maji, na hayo ndiyo mramba. Anakunywa mtoto, anakunywa mgonjwa. Ukitia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika, kesho unayo lubisi, na hapo mtoto anafukuzwa. Lakini hata usipotia mtama, mramba haukungoji. Joto likiupata unaanza kuchemka wenyewe. Amri ilimtaka askari akamate kitu ambacho kinabadilika akiwa amekishika mkononi.

Kesi nyingi za amri hiyo ziliishia barazani. Ila kosa la pili lilipandishwa kwa hakimu Bukoba, na kosa la pili lilikuwa jela bila mjadala.

Ta Kaijage wa upande wa Kamachumu, Muleba, alikuwa Mkatoliki mwenye kibanja kizuri cha migomba na ulimi mfupi. Kosa la kwanza alikuwa nalo kweli, tena alilikiri: alipika lubisi ya msiba bila kibali kwa sababu, alivyosema, marehemu hakuomba kibali cha kufa. Sasa alikuwa anamwoza binti yake Paulina. Harusi Jumamosi. Jumanne alikamua ndizi, akaweka mramba kwenye vibuyu, akasubiri kesho yake apate kibali ndipo atie mtama. Kabla hajakwenda, askari wa baraza akaingia, ametumwa na mkuu wake, akachukua kibuyu kimoja kuwa kielelezo, vingine akavimwaga. Ta Kaijage akapandishwa lori pamoja na kibuyu chake. Lori liliharibika njiani, likalala. Likafika Kemondo, likasimama juani nusu siku likipakia magunia. Ijumaa asubuhi wote wawili walikuwa mbele ya hakimu.

Paulina alikuwa amemfuata baba yake. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, na kila nilipogeuka niliona utosi wake. Mnajua kwetu binti hatoki nyumbani mpaka baba yake ampakate kwa mara ya mwisho, mbele ya watu, kama alivyompakata akiwa mchanga. Baba akiwa jela Bukoba, nani atampakata? Baba mdogo alikuwepo, lakini watu wangesema mpaka wajukuu wazeeke.

Chumba kilijaa. Hakimu alikuwa Mzungu mgeni, mwembamba, mwenye kikohozi, mtu wa kusikiliza lakini wa kushtuka upesi. Ta Ishengoma, ambaye wakati huo alikuwa akinisimamia tu, alikaa benchi la nyuma na fimbo yake. Askari aliyemkamata Ta Kaijage aliitwa Zakaria. Wengi tulimjua. Alikuwa mlokole, aliyeokoka kweli na si kwa kelele. Aliacha pombe mbele ya kanisa zima, na tangu hapo hakuna aliyemwona hata akinusa. Aliapa kwa Biblia, akasema alimkuta mshitakiwa na kibuyu cha pombe. Alisema akitazama vidole vyake vya miguu.

Ta Kaijage akasema ulikuwa mramba.

Kibuyu kilikuwa mezani, kimezibwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba ya baraza. Kilikuwa kinatoa sauti ndogo, kama mtu anayeongea usingizini. Kila mtu aliisikia. Hakimu aliisikia pia, akauliza ni nini. Nikatafsiri swali. Ta Kaijage akajibu kwa heshima, "Ni safari, waitu. Hata mimi tumbo langu linaunguruma."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema njia ni moja tu, ataonja mwenyewe. Akamwamuru karani afungue, amimine katika bilauri.

Hapo ndipo Ta Kaijage aliporuka kizimba.

Sijui mzee yule alikipata wapi kimo cha kuruka. Nilimwona tu yuko mezani, mikono miwili imeshika shingo ya kibuyu, anapaza sauti, na Zakaria na askari mwingine wamemwangukia. Bilauri ikaanguka. Nje Paulina akasimama. Sasa niliona uso wake wote.

"Anasema nini?" hakimu alipiga kelele. "Anasema nini?"

Alikuwa akisema: "Asinywe kabla yangu! Akinywa kabla yangu na akafa, ameniponza!"

Nikatafsiri kama nilivyosikia. Neno kwa neno, kama nilivyofunzwa.

Hakimu akarudi nyuma na kiti chake kikagonga ukuta. Niliona rangi ikimtoka. "Sumu?" alisema. "Kuna sumu ndani? Nani ameitia? Mshikeni! Huyu sasa si mtu wa pombe tena."

Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa inakwenda kumnyonga mtu. Nilimtazama Ta Ishengoma. Alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo, kama anayefukuza nzi. Nilifikiria chumvi. Nilifikiria hata sehemu ya soko ambayo ningekaa, upande wa jua, maana upande wa kivuli una wenyewe. Koo langu lilikuwa kavu na chupa ya maji ilikuwa mbali.

"Bwana Hakimu," nikasema kwa Kiingereza, "naomba kusema kwa kinywa changu mwenyewe."

Hata kibuyu nadhani kilinyamaza.

"Wewe ni mkalimani," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Na nimekutafsiria vizuri, lakini hujaelewa, na kosa si lako wala lake. Hakuna sumu. Kwa watu hawa kinywaji kikitoka nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa. Mgeni akinywa kabla ya mwenyeji, ni kama mwenyeji amekubali kutuhumiwa. Kibuyu kimetoka nyumbani kwake. Wewe ndiye mgeni. Alikuwa anatimiza adabu."

Alinitazama. Kisha akawatazama askari waliomkandamiza mzee juu ya meza yake, shavu la mzee limelala juu ya kofia ya serikali.

"Mwachieni," alisema. "Aonje."

Ta Kaijage alijipangusa, akaomba radhi kwa kiti kilichogonga ukuta, akafungua jani. Povu likapanda. Hakuomba mrija, alimimina moja kwa moja bilaurini, na kilichotoka kilikuwa cheupe kwa mapovu, hakina hata punje ya mtama ndani. Akatia funda moja kinywani. Akafumba macho. Mtu mwingine angesema ni tamu. Jela ilikuwa inamngoja mlangoni. Yeye alikunja uso, akatema dirishani, upande ambao Paulina hakuwepo.

"Waitu," alisema, "hii imeharibika. Nisingempa hata adui yangu. Ni kali. Mmeitembeza mno."

Nikatafsiri. Kila neno lilikuwa msumari kwake, nami ndiye niliyeshika nyundo. Hakimu akachukua bilauri nyingine, akaonja, akakohoa.

"Ni pombe," alisema, na akachukua kalamu.

Mama mmoja nyuma akasikitika taratibu, "Mae!" Paulina hakulia. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Baba yake alirudi kizimbani mwenyewe, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Kalamu ilisimama.

"Muulize," hakimu alisema bila kuinua kichwa. "Desturi hii ya kuonja kwanza anaifanya kwa kila mgeni?"

"Kila anayeingia," Ta Kaijage alijibu.

"Hata askari aliyekuja kumkamata?"

Ta Kaijage akashangaa swali lenyewe. "Aliingia kama mgeni, waitu. Uaskari aliutoa mfukoni baadaye."

Chumba kikalipuka kwa kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu watu wote walielewa kwa pamoja na wote walimgeukia Zakaria.

Hakimu aliweka kalamu. Alimsogezea Biblia tena, ingawa alikuwa ameshaapa. "Muulize askari. Alipewa kikombe?"

Nilimuuliza. Zakaria alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Mnisamehe ninyi mnaopenda kesi za maneno marefu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona kesi iliyobanana kama ile, na hakuna aliyekuwa akisema kitu. Akisema hakupewa, anadanganya mkono ukiwa juu ya Kitabu anachokipenda kuliko mshahara. Akisema alipewa akanywa, na ilikuwa pombe, basi ameanguka kutoka wokovuni mbele ya Bukoba nzima. Na akisema ilikuwa mramba, atarudije barazani kwa mkuu wake aliyemtuma?

"Zakaria," Ta Kaijage alisema kutoka kizimbani, kwa sauti ya kawaida, kama jirani anayemwita jirani ng'ambo ya migomba. "Usijitese, mwanangu. Sema upumzike."

Hakimu akaniuliza amesema nini. Nikatafsiri. Hakimu hakumkemea.

"Nilikunywa," Zakaria alisema.

"Kiasi gani?"

"Kikombe. Na kingine. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri." Alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Kesho yake mkuu wangu alikifungua kikiwa kinatoa povu. Akasema hii ni pombe. Nikasema ndiyo, maana wakati huo ilikuwa ndiyo."

"Na ulipokunywa wewe? Ilikuwaje?"

Zakaria akajibu, "Haikuwa na mtama. Haikuwa na kitu. Nilimpelekea hata mtoto wangu kidogo kwenye chupa. Ilikuwa tamu."

Nilikuwa na neno hilo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nimewahi kulitoa kwa injini, kwa maua, kwa barua za wachumba, kwa maji, kwa usingizi wa mchana. Hapo lilikuwa limekaa nyumbani kwao. Nililitoa peke yake, sikuliongezea kitu.

Hakimu alilirudia kwa sauti ndogo, akaifungua amri, akaweka kidole juu ya neno lenyewe. Kisha akamwachia Ta Kaijage.

Baada ya watu kutoka aliniita. "Umesema vizuri," aliniambia. "Usirudie." Sikurudia mpaka nilipostaafu. Ta Ishengoma alinisubiri uwanjani, akanipa chupa ya maji niliyoisahau, akaniuliza kama nimeshachagua chumvi ya kuuza, ya mawe au ya unga. Halafu akatembea nami mpaka Kashai, na mzee huyo hakuwa na shughuli yoyote Kashai.

Jumamosi nilipanda lori kwenda Kamachumu. Sikualikwa, miguu yangu tangu zamani haisubiri kualikwa. Nilikuta Ta Kaijage amekaa mbele ya nyumba, Paulina mapajani mwake na shela yake yote, na mzee anacheka huku machozi yanaingia kwenye ndevu. Lubisi haikuwepo. Majirani walileta ndizi zao mbivu, wakakanyaga alfajiri, na mtama haukuwa na muda. Wazee walilalamika.

"Tangu lini mtu mwenye wajukuu akanyweshwa mramba harusini?"

"Tangu serikali ilipoanza kupenda harusi zako," mwenzake alimjibu.

Jua lilipoanza kushuka, Zakaria alitokea pembeni mwa kibanja. Hakuwa na sare. Baraza lilikuwa limeshamvua. Alisimama penye mgomba wa mwisho, haingii wala haondoki, na mazungumzo yakapungua. Ta Kaijage alimsogeza binti yake taratibu, akainuka, akachota kwenye kibuyu. Akaenda na kikombe mpaka palepale penye mgomba. Akaonja kwanza, watu wote wakimwona. Akampa.

Zakaria alikunywa chote, akafuta midomo kwa kiganja.

"Ikoje?" mzee mmoja aliuliza kwa uchokozi.

Zakaria alirudisha kikombe kwa Ta Kaijage kwa mikono miwili, na Ta Kaijage akaenda kumchotea kingine. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wengine, na hakuna aliyenihitaji.